Kuongoza kikundi cha wazazi wanaoacha pombe na dawa za kulevya, Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa komini (tarafa) za Katuba, Kenya, Ruashi na kwingineko mjini wanaotaka kuanzisha kikundi cha kusaidiana kwa akina baba na akina mama walioamua kuachana na pombe, bangi au vidonge. Wengine ni wauguzi, wengine viongozi wa shirika parokiani, wengine walikunywa wenyewe wakaacha. Anayejibu ni mwongozaji, si daktari. Penye kazi ya daktari nimesema wazi.

Kikundi hiki ni kitu gani hasa?

Ni wazazi wanaokutana kila wiki, siku ileile, mahali palepale, kuambiana ukweli kuhusu ulevi na kuhusu watoto wao. Si kliniki, si ibada, si baraza la kusuluhisha ndoa. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, walevi wawili, Bill Wilson aliyefanya biashara ya hisa na daktari Bob Smith, waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake wote wawili wanapata nguvu ya kuimaliza siku bila kunywa. Hapo ndipo ilipozaliwa Alcoholics Anonymous.

Anayesema hayo ni maneno matupu umweleze hivi: mwaka 2020 uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ulikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, ukaona kwamba njia ya Alcoholics Anonymous inawasaidia watu kukaa bila pombe kabisa sawa na matibabu mengine yanayojulikana, na mara nyingi kuyapita. Tafiti hizo hazikufanyika Katuba. Zikutie moyo, zisikutie kiburi.

Kwa nini wazazi peke yao? Mlevi si ni mlevi tu?

Kijana asiye na mtoto akiacha pombe anapambana na kiu. Mzazi anapambana na kiu, halafu anarudi nyumbani kwa watoto waliomwona akibebwa na majirani. Anachotaka kuliko kitu chochote ni kusamehewa, na anakitaka wiki hii hii. Ameacha siku kumi, amenunua viatu vya shule, sasa anashangaa kwa nini binti yake bado anaingia chumbani kila akisikia mlango wa lupango (ua wa nyumba) ukigonga. Anakasirika. "Kwani hawaoni kama nimeacha?" Hasira hiyo ndiyo inayompeleka nganda (baa) siku ya kumi na moja.

Kwa maoni yangu kazi kubwa ya kikundi cha wazazi ni hiyo moja: kumzuia mzazi asiwadai watoto msamaha kama mtu anayedai deni. Mtoto ameshasikia "nimeacha" mara nyingi, kila mara kwa machozi, tena mara nyingine kwa zawadi. Hana sababu ya kuamini safari hii. Kitakachomgeuza ni baba aliyesema atafika saa kumi na mbili akafika saa kumi na mbili, leo, na keshokutwa, na mwezi ujao, bila kutangaza.

Kwa hiyo kwetu swali la "umekaa siku ngapi bila kunywa?" linaulizwa, lakini linafuatwa mara moja na jingine: "Wiki hii ulimwahidi mtoto nini, na ilikuwaje?" Ahadi iwe ndogo mpaka ionekane ya kijinga. Kumsindikiza shuleni Jumatano. Kula bukari (ugali) pamoja naye bila kuinuka na simu. Anayeahidi baiskeli umrudishe chini kwa upole. Anarudia tabia ileile ya kunywa, ya kutaka kitu kikubwa kwa haraka.

Nani anafaa kuongoza? Lazima awe amewahi kunywa?

Wawe wawili. Vizuri zaidi mmoja awe ameonja hayo maisha na amekaa angalau mwaka bila kunywa, na mwingine awe mtu wa nje mwenye masikio, kama muuguzi au mwalimu. Aliyekunywa anajua uongo wa walevi kwa sababu aliusema mwenyewe. Asiyekunywa hatingishwi sana na habari za wengine.

Asiongoze mwenye nyumba ambaye wanakikundi wanampangia, wala bosi wao, wala mtu anayependa kuhubiri. Kipimo changu ni rahisi: je, anaweza kunyamaza? Mtu ambaye kila kimya lazima akijaze kwa shauri atakiua kikundi ndani ya miezi miwili, hata kama ana moyo wa dhahabu.

Tukutane wapi, saa ngapi, na tuwe wangapi?

Watu sita hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, wale wanyamavu hawazungumzi tena. Darasa la shule siku ya Jumapili alasiri linafaa, au ukumbi mdogo wa parokia ikiwa hauko mbele ya macho ya watu. Tembea njia yenyewe kwanza kwa miguu: ikiwa kutoka kituo cha taksi mpaka mlangoni mtu anapita nganda tatu zenye muziki, tafuta pengine. Usipange usiku, umeme unakatika, na akina mama hawatatoka gizani. Usibandike karatasi mlangoni yenye neno "walevi".

Mkutano mmoja unaendaje?

Saa moja na nusu, isizidi. Viti vinawekwa duara, mwongozaji akae kama wengine, si nyuma ya meza. Mnaanza kwa kusoma kanuni kwa sauti, kila wiki, hata kama zinachosha: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtoto au mtu mzima akiwa hatarini, kila mtu azungumzie yake, hakuna kukata neno, simu zimezimwa, hakuna anayelazimishwa kusema.

Halafu mzunguko wa kwanza. Kila mtu anasema jina, siku alizokaa bila kunywa, na jambo moja la wiki. Dakika mbili mbili, bila maoni. Mzunguko wa pili ni ule wa ahadi kwa mtoto. Ndipo mnaingia kwenye jambo moja lililojitokeza lenye uzito, mnakaa nalo. Mwisho, kila mtu anataja saa yake ya hatari kwa wiki inayokuja na atakuwa wapi saa hiyo. "Ijumaa saa kumi na moja, tukilipwa. Nitakuwa kwa yaya (ndugu mkubwa) wangu, nimeshamwambia."

Sehemu ngumu iko katikati. Tuseme baba mmoja, fundi wa kuchomea vyuma, anasema huku akigeuzageuza kofia mikononi: "Niliuza televisheni ya watoto. Nikawaambia ni wezi." Halafu ananyamaza. Papo hapo mtu wa pembeni anakohoa na kuanza: "Lakini baba, ungefanya hivi, ungewaita watoto…" Hapo mwongozaji anainua mkono kidogo. "Mzee, samahani. Na wewe, kwako kuliuzwa nini?" Si fimbo, ni mlango. Mara nyingi aliyekuwa akitoa shauri anainama, kisha anasema kitu cha kweli: sufuria, pikipiki ya shemeji, pesa ya mtihani. Fundi anasikia kwamba hayuko peke yake, na hakuna aliyemhukumu wala kumfariji kwa haraka.

Kimya kikija, kiache. Hesabu moyoni mpaka kumi na tano kabla ya kufungua mdomo. Kwa kawaida mtu mwingine atakutangulia.

Tuwape nini cha kunywa na kula?

Chai, mihogo na karanga. Watu wengi wanaleta munkoyo kwa nia njema kwa kuwa ni kinywaji cha nyumbani hata watoto wanapewa. Munkoyo ya leo ni tamu tu. Ikilala inachacha na kuingia pombe, na huwezi kujua ile ya kwenye bidoni imekaa muda gani. Iache. Vilevile zile bia wanazoziita hazina pombe: ladha na chupa vinaamsha kiu yote.

Mtu akija amelewa?

Haingii kwenye duara, na hafukuzwi. Mwongozaji mmoja anatoka naye, anampa chai, anampeleka nyumbani au anamwita ndugu yake, na anamwambia aje wiki ijayo. Usianze kumhoji hapo mlangoni. Kesho yake mpigie simu.

Mtu amesema anaacha leo leo. Tumpigie makofi?

Kwanza muulize anakunywa nini, kiasi gani, na je, anakunywa asubuhi ili mikono isitetemeke. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku akiikata ghafla anaweza kufa. Watu wengi hawaamini jambo hili, kwa kuwa tumezoea kufikiri kwamba ubaya wote uko katika kunywa.

Inavyokuwa ni hivi. Saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, mwili unaanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, usingizi kupotea. Katika siku mbili za kwanza degedege linaweza kumpiga, hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa: homa, kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo. Nyumbani watu wanasema amerogwa, wanampeleka kwenye maombi na kumfungisha chakula. Mgonjwa huyo anahitaji hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo anayekunywa kila siku, na zaidi aliyewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipojaribu kuacha, apitie kwanza kwa daktari. Hospitali ina dawa kama diazepamu za kuushusha mwili polepole, na vitamini B1, ambayo walevi wanaikosa sana kwa sababu hawali. Ndugu wakimpeleka, waseme ukweli kuhusu pombe kabla hajawekewa seramu ya glukosi. Mwili usio na B1 ukijazwa sukari unaweza kuumia ubongo, kwa hiyo B1 inatakiwa kutangulia au kwenda pamoja nayo. Nimeona familia zikificha pombe kwa aibu na kusema ni malaria. Kwa mlevi, aibu hiyo ina bei kubwa.

Hapa mjini kuna kituo cha neurosaikiatria (magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu) cha Dr Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Mwongozaji aende huko mwenyewe kabla ya kikundi kuanza, ajue wanapokea siku zipi na kwa utaratibu gani, ili siku ya shida asianze kuuliza njia.

Jambo jingine: aliyekunywa lutuku (pombe kali ya kupikwa nyumbani) kisha akasema macho yanaona ukungu, au kichwa na tumbo vinamuuma kupita kawaida, usimwache alale "mpaka itoke". Inawezekana ilichanganywa na alkoholi ya viwandani, na hiyo inapofusha na kuua. Hospitali, mara moja.

Na wa bangi au tramadoli?

Wanakaribishwa katika kikundi hichohicho. Aliyeacha bangi atakosa usingizi na kuwa mkali nyumbani kwa wiki moja mbili. Waambie watoto wake mapema kwamba ukali huo si kosa lao. Tramadoli ni habari nyingine. Ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, dozi kubwa inaleta degedege, na aliyeizoea akiikata ghafla anaumwa mwili mzima. Daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Mwanakikundi ameteleza. Tuanze kuhesabu upya?

Siku zinaanza upya kama anataka kuzihesabu. Aliyojifunza hayaanzi upya. Muulize yaliyotangulia glasi, si glasi yenyewe: alikuwa na njaa? Amekasirika? Yuko peke yake? Amechoka? Hayo manne yako nyuma ya kuteleza kwingi. Kisha muulize watoto waliona nini, na amewaambia nini. Asiwafiche, na asiwalilie. Maneno kama haya yanatosha: "Jana nilikunywa. Si kwa sababu yenu. Leo sikunywa, na nimeenda kwa wenzangu."

Kuna mama anayepika lutuku, ndiyo inayolipa minervali (ada ya shule) ya watoto. Tumwambie aache biashara?

Swali hili linakuja karibu kila mahali, na wanaolijibu haraka ni wale ambao hawajawahi kulipa shule kwa lutuku.

Anaonja kila mara ili ajue kama imekaza. Pipa liko uani, wateja wanaingia mpaka usiku, mtoto wa darasa la tano anapima glasi na kurudisha chenji. Ukimwambia aache kesho bila kitu mkononi, watoto watalala njaa, na baada ya wiki chache atawasha moto tena huku akikukwepa barabarani. Lakini tusidanganyane: mtu anayelala karibu na pipa ni vigumu sana kusimama.

Tunachofanya ni kumwuliza yeye mwenyewe apange ngazi. Ya kwanza kwa kawaida ni kuonja: amtafute mwingine wa kuonja, mtu mzima, au ajaribu kwa moto tu. Ya pili, mtoto asipime wala asiuze. Hilo hatulijadili sana, tunalisema moja kwa moja, maana mtoto anayepima lutuku ataijua ladha yake. Ya tatu, siku za kupika zipungue huku akiingia likelemba (mchango wa kupokezana) sokoni apate mtaji wa makala (makaa), mboga au samaki wa kukausha. Ngazi hizo zinaweza kuchukua mwaka.

Halafu kuna jambo ambalo waongozaji wengi hawalitarajii: baba aliyekaa upande wa pili wa duara ni mteja wake. Zungumza na kila mmoja peke yake kabla ya mkutano. Kanuni iwe wazi kwamba mwanakikundi hamuuzii mwanakikundi, hata kwa deni, hata siku ya kilio. Mmoja akishindwa kukaa na mwingine, tafuta nafasi katika kikundi kingine badala ya kumtoa aliye dhaifu zaidi. Mara nyingi huyo ni mama, na ndiye kikundi kinachokuwa tayari kumtoa haraka.

Wanaume na wanawake wakae pamoja?

Ikiwezekana, wanawake wapate saa yao. Baba mlevi anachekwa, mama mlevi anatengwa. Mbele ya wanaume hatasema alichofanyiwa akiwa amelewa. Na ikiwa kati ya mume na mke kuna kupigwa, wawili hao wasiwekwe katika duara moja kamwe. Mke atakayosema hapo atayalipia nyumbani.

Mama mjamzito au anayenyonyesha apewe nafasi ya kwanza kila mahali. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba. Lakini hata yeye, kama anakunywa kila siku, asikate bila daktari kumwona.

Watoto waje kwenye mkutano?

Kwenye duara, hapana. Mtoto asisikie siri za watu wazima wala asigeuzwe shahidi. Lakini akina mama hawatakuja kama hakuna wa kushika watoto, kwa hiyo tafuta chumba cha pili na watu wazima wawili mnaowaamini, mmoja asibaki peke yake na watoto, na mlango uwe wazi.

Mtoto wa mlevi anahitaji kusikia mambo matatu ambayo familia za Al-Anon, chama cha jamaa za walevi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951, zimekuwa zikiambiana: si wewe uliyeyaleta haya, huwezi kuyatawala, na huwezi kuyaponya. Mzazi ayaseme kwa maneno yake. Aseme bila kumkalisha mtoto kama kwenye kesi. Wakati wa kuosha vyombo panafaa zaidi.

Binti mkubwa amekuwa ndiye mama wa nyumba. Mama ameacha pombe, sasa wanagombana kila siku. Kwa nini?

Kwa sababu mama amerudi na anataka ufunguo wake. Huyo binti alipika, alificha pesa ya unga, alidanganya kwa mwalimu ili wadogo wasichekwe. Alifanya vizuri. Leo mama anaamka, ana siku arobaini bila kunywa, anamwambia "Wewe ni mtoto, kaa kitoto." Binti anasikia kama anafukuzwa kazi bila mshahara, tena na mtu ambaye kesho anaweza kuanguka.

Mzazi aanze kwa kumshukuru kwa kutaja vitu: siku ile ulipomkimbiza mdogo wako hospitalini, ni wewe uliyemwokoa. Kisha achukue jambo moja tu mkononi mwa mtoto, na alishike kwa mwezi mzima. Mfano, maji ya asubuhi. Pesa ya nyumba ibaki ya mwisho, na wala asishangae binti akiendelea kuhesabu unga kwa siri. Usimtumie mtoto kama polisi pia: "Nichunge nisinywe" ni mzigo mwingine juu ya kichwa chake.

Siri inaishia wapi?

Inaishia pale mtoto anapopigwa mpaka kuumia, kunajisiwa, kuachwa bila chakula, au mtu akisema anataka kujiua au kuua. Hayo umeyasema tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema umemsaliti. Mwambie mzazi kwanza, ana kwa ana, kwamba utatafuta msaada, kisha umshirikishe afisa wa maendeleo ya jamii na huduma ya afya. Isipokuwa kumwambia kwenyewe kutamweka mtoto hatarini zaidi. Hapo nenda moja kwa moja.

Na uchawi. Nyumba ikiharibiwa na pombe, mara nyingi anatafutwa wa kulaumiwa, na mara nyingi ni mtoto: yatima aliyeletwa na shangazi, mtoto anayekojoa kitandani. "Ni yeye anayemfunga baba kwenye pombe." Mtu akisema hivyo kwenye duara, usilipite. Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria usianze nayo. Anza na swali: "Baba alianza kunywa mwaka gani? Mtoto alifika mwaka gani?" Hesabu ya miaka inaangusha mashtaka mengi kabla ya sheria kutajwa.

Pasta anasema maombi yanatosha.

Usigombane naye. Wengi wanaoacha hapa kwetu wanashikwa na imani yao, na kuiondoa ni kuwaondolea gogo wanaloliegemea. Mwombe mambo mawili tu: asimwambie mtu anayekunywa kila siku afunge chakula na pombe kwa pamoja bila daktari, wala asimwite mbele ya kanisa atoe ushuhuda akiwa na wiki tatu. Makofi ya kanisa zima ni mazito kwa mtu atakayeteleza wiki ya nne. Wengi hawarudi tena, wala kanisani wala kwenye kikundi. Ndani ya duara, sala fupi inatosha, ya namna ambayo Mkatoliki, Mkimbanguisti na Mwislamu wote wanaweza kukaa.

Siku ya mshahara tufanyeje?

Pesa isifike mfukoni. Mtu aitume kwa simu, M-Pesa au Airtel Money, kwa mke au mama yake kabla hajatoka kazini, abaki na nauli. Atembee na mwenzake. Wachimbaji wanaolipwa bila tarehe wana hatari zaidi, kwa kuwa hawajui siku. Hao wapeane namba, mmoja akilipwa ampigie mwenzake kabla ya kugeuka kona.

Vilio na harusi?

Kilio kinalala siku kadhaa, na usiku chupa zinazunguka. Nenda mchana, toa rambirambi, shika kazi yenye kuonekana kama kupanga viti, ondoka kabla giza halijaingia. Harusini, glasi yako iwe na kitu tangu mwanzo, watu hawamjazii aliyejaa. Na jibu moja tu, "Dawa ninayotumia hairuhusu." Kama huo ni uongo, ni uongo mdogo kuliko ule tuliokuwa tukiusema.

Tuanzishe likelemba ndani ya kikundi?

Hapana. Anayeshindwa kulipa anaona haya, anaacha kuja, na alikuwa ndiye anayehitaji kikundi kuliko wote. Changa ya chai peke yake, ya hiari, kwenye kopo lisilo na daftari.

Mimi mwongozaji naanza kuota habari za watu. Ni kawaida?

Ni kawaida, na si jambo la kuvumilia kimya. Baada ya kila mkutano, kaa na mwenzako robo saa kabla ya kurudi nyumbani, mseme yaliyowagusa bila kurudia majina. Usitoe namba yako kwa usiku wote. Na kama uliwahi kunywa, uwe na duara lako pengine, ambapo wewe si kiongozi.

Tumebaki watatu, na wiki iliyopita nilikaa na mmoja. Tufunge?

Usifunge. Fika, fungua, weka viti vyote kama kawaida, ukae saa moja na nusu hata na mtu mmoja. Aliyekosa mtumie ujumbe mfupi usiotaja kikundi, kwa sababu simu za nyumbani zinasomwa na wengi: "Tupo Jumapili saa tisa alasiri." Usimfuate nyumbani bila yeye kukubali, lupango lina macho.

Ikiendelea hivyo miezi mitatu, badilisha saa kabla ya kubadilisha kitu kingine. Waulize akina mama kwanza. Anayeuza sokoni hawezi kuja kabla ya kufunga meza yake, na anayetoka kwenye ibada ndefu bado hajapika. Ikibidi, Jumatatu alasiri mahali palepale, muda uwe saa moja badala ya moja na nusu.